Pikipiki Niliyoweza Kuiinua

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati yetu alikuwa ameshaipanda ile pikipiki nyekundu, na hakuonyesha dalili yoyote ya kushuka. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, ile ya ibada, amekaa katikati ya ua wa muuza magari makuukuu huko Kawangware, mikono kwenye usukani na macho mbele, kana kwamba barabara nzima ya kwenda Moyale imefunguliwa kwa ajili yake. Mimi nilisimama kando nikimshikia kofia. Siku hiyo tulikuwa tumekwenda kuninunulia mimi pikipiki.

Nieleze mambo yalivyofika hapo. Katika miaka hiyo ya tisini nilikuwa muuguzi kwenye zahanati ndogo ya kanisa huko Kibera, upande wa Soweto East, chumba cha mabati chenye foleni ndefu kuliko jengo lenyewe. Kanisa lilikuwa na zahanati nyingine, ndogo zaidi, mbali huko ng'ambo ya Mwingi, kwenye nchi kavu inayoteremka kuelekea Mto Tana. Kila baada ya miezi mitatu mmoja wetu alikwenda huko kwa wiki mbili, kuchanja watoto na kupima wajawazito katika vijiji ambavyo muuguzi wa pale hakuweza kuvifikia kwa miguu. Tulikuwa na gari la kazi hiyo, lakini lilikuwa limezeeka mpaka likawa linakwenda huko juu ya lori, linarudi juu ya lori, na hapo katikati linasukumwa na wagonjwa.

Kamati ikakaa. Wazo la pikipiki lilitoka kwa mweka hazina, mama mwenye akili nyingi na maneno machache. Mwenyekiti akauliza ni nani ataiendesha. Walikuwepo wauguzi wanaume wawili, na wote wawili wakagundua kwamba dari ya chumba kile ina mambo mengi ya kutazamwa. Mimi ni mzaliwa wa Kitui, Kikamba ndicho nilichonyonya nacho, na nilikuwa nimeshakwenda huko mara tatu nikisukuma lile gari. Nikasema nitaendesha mimi.

Hakuna aliyecheka. Watu wa kanisa wana adabu, na adabu yao siku hiyo iliniuma kuliko kicheko. Mweka hazina peke yake ndiye aliyekuwa na swali. Alitaka kujua nitavaa nini.

Mume wangu alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa hatua chache kutoka nyumbani kwetu, na alitengeneza vitanda, kabati na viti vya kanisa. Ni mtu wa Machakos, mpole, asiyependa kubishana kwa mdomo. Akiingiwa na hofu hupiga randa. Nilipomweleza uamuzi wa kamati aliendelea kupiga randa ubao mmoja mpaka nikaogopa utakwisha.

"Baiskeli unajua?" akaniuliza mwishowe.

"Najua kushuka."

Akatikisa kichwa, akachukua ubao mwingine.

Sasa turudi kwa mwenyekiti, maana bado yuko juu ya pikipiki. Yeye alikuwa ameiona wiki moja kabla ya hapo na moyo wake ukabaki pale. Ilikuwa ndefu, ina tangi kubwa, tairi zenye meno kama ya trekta, na muuzaji alidai kwamba mwenyewe aliyeiuza alivuka nayo jangwa. Mweka hazina hakuyaamini majangwa ya watu wengine, kwa hiyo alikuwa ametutumia fundi mmoja wa hapo Kawangware atusaidie kuchagua. Alikuwa mzee wa kutoka upande wa ziwani, mwembamba, mwenye banda la mabati nyuma ya kinu cha kusaga unga. Alikuwa amezitengeneza pikipiki za polisi na za wamisionari miaka mingi, mpaka sikio lake moja likachoka na kelele zao.

Fundi hakuitazama hata injini. Aliizunguka ile nyekundu mara moja, akamwomba mwenyekiti kwa heshima ashuke, kisha akaniambia mimi niilaze chini.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akarudia: niilaze, polepole, kama mtoto anayesinzia, halafu niiinue.

Kuilaza ilikuwa rahisi kupita nilivyotarajia, maana ilijilaza yenyewe nami nikafuata. Kuiinua ndipo yalipokuwa mambo. Nilivuta usukani, nikavuta kiti, nikaingia chini yake kwa bega, nikajaribu na sala fupi. Pikipiki ilitulia pale chini kama ng'ombe aliyeshiba. Mwenyekiti akasema labda sijui mbinu, akavua koti, akajaribu yeye. Baada ya muda akaeleza kwamba viatu vyake vina soli ya kuteleza. Muuzaji akaja kumsaidia, na wanaume wawili kwa pamoja wakaisimamisha, wakihema. Fundi akauliza kwa upole kama wote wawili watakuwa wakisafiri nami.

Kisha akanigeukia.

"Nyar Kitui," akasema, yaani binti wa Kitui, na hilo ndilo lililokuwa jina langu kwake tangu siku hiyo, "huko unaenda utaanguka. Hiyo si mambo ya kuuliza. Shida si kuanguka. Shida ni wewe uko peke yako, chuma imelala kwa mchanga, na jua inakuangalia. Usinunue kitu huwezi kuinua."

Aliyoichagua ilikuwa nyuma kabisa ya ua, imeegemezwa kwenye rundo la tairi kuukuu, na tulilazimika kwanza kumhamisha kuku aliyekuwa akiatamia chini yake. Rangi yake ilikuwa kijani kilichopauka. Ilikuwa fupi, nyembamba, injini yake nusu ya ile nyekundu, taa moja ya mviringo iliyotutazama kwa mshangao, na karia mbili za chuma, moja mbele na moja nyuma, kama punda aliyezaliwa na matandiko yake. Hapo ndipo fundi alipoanza kazi. Aligonga spoku moja moja kwa spana, akizisikiliza kwa lile sikio zima. Alitikisa magurudumu, akanusa oili, akaiwasha na kutuomba sote tunyamaze. Nilipokaa juu yake nyayo zangu zote mbili zilifika chini. Mimi ni mfupi, nalo ni jambo ambalo samani za dunia hii hazijawahi kulijali, kwa hiyo nilikaa hapo kidogo nikifurahia.

Akanifundisha kuiinua: uigeuzie mgongo, ukalie kiti chake, ushike chini, usukume kwa miguu ukirudi nyumanyuma. Mara ya tatu ikasimama. Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini kwamba ile nyekundu ingeliwakilisha kanisa vizuri zaidi. Fundi akamjibu kwamba kanisa linawakilishwa vizuri likiwa limesimama.

Kuendesha nilijifunzia kwenye uwanja mmoja wa Riruta Satellite, jioni baada ya kazi. Kibera isingewezekana, kwenye vichochoro vyetu hata mkokoteni hupita kwa mazungumzo. Siku hizo pikipiki jijini zilikuwa chache, za polisi na matarishi, na mwanamke juu yake alikuwa kitu cha kusimamia na kutazama. Vijana waliokaa ukutani walinipigia kelele kila nilipopita: "Mathe, hiyo telegramu ni ya nani?" Nikiwa chini, pikipiki juu yangu, waliuliza kama imeshafika.

Fundi alinifundisha mambo machache na kuyarudia sana. Kwenye njia mbaya usikae, simama juu ya vikanyagio, magoti yawe kama springi. Mchangani usikaze mikono. Na kubwa kuliko yote, pikipiki huenda kule unakotazama, kwa hiyo usilitazame shimo. Nililielewa somo hilo vizuri kabisa, na kwa siku nne mfululizo nikautazama ua wa miba uliokuwa mwisho wa uwanja. Mama mmoja aliyekaa kando akikaanga mandazi alilihamisha karai lake mara mbili wiki ya kwanza. Wiki ya tatu alilirudisha pale pa zamani, nami nikalichukulia hilo kuwa cheti.

Swali la mavazi nilikuwa nimelimaliza kwa kuvaa suruali ya mume wangu ndani ya sare yangu ya uuguzi, nikaipasua sare pembeni mpaka gotini. Buti nilizipata soko la Toi, za askari fulani aliyekuwa na miguu mirefu na, kwa bahati mbaya kwangu, mipana. Nilivaa soksi pea tatu. Mweka hazina aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema nimesitirika.

Ilibaki kuipa ile pikipiki vifaa vya safari, na hapo vikaanza vita ambavyo mimi ndiye niliyekuwa barabara yake.

Mume wangu, bila kuulizwa, alitengeneza sanduku. Alilitengeneza kwa mvule, lenye bawaba za shaba, kufuli, na ndani vijumba kumi na viwili vya dawa, kila kimoja na mfuniko wake. Lilikuwa zuri kuliko kitu chochote kilichokuwemo nyumbani kwetu. Lilisafirishwa mpaka Kawangware kwa mkokoteni, mimi nikitembea nyuma yake, na njiani watu wawili walisimama na kuvua kofia. Fundi naye alipoliona alivua yake.

"Nani amekufa?" akauliza.

Likarudi Kibera siku hiyo hiyo. Mume wangu hakukasirika. Alitaka tu kujua kama yule mzee aliziona zile mbao alizounganisha bila msumari hata mmoja. Nikasema aliziona. Kesho yake akaanza kutuma vitu vingine: shoka, sururu, kandili mbili kwa sababu moja huenda ikavunjika, mwavuli pamoja na kishikio cha kuufunga kwenye usukani, kiti cha kukunja, na godoro dogo alilolishona mwenyewe kwa mkono. Nilichokipeleka Kawangware jioni nilirudi nacho usiku uo huo mgongoni. Shoka lilikwenda mara mbili na kurudi mara mbili. Kila lilipokataliwa, mume wangu alilinoa zaidi, kana kwamba kosa lilikuwa kwenye makali.

Vitu vya fundi vilikuwa vidogo na vingi havikuonekana. Alilaza waya wa pili wa klachi sambamba na ule wa kwanza, akaufunga kwa vipande vya tyubu, ili mmoja ukikatika nihamishe kichwa cha waya tu na kuendelea. Chini ya injini alifunga bamba la chuma alilolikata kutoka mlango wa lori, kwa ajili ya mawe. Nyuma aliweka gurudumu la meno kubwa zaidi la cheni. Pikipiki ikapoteza mbio na kupata nguvu, naye akaniambia kwamba mbio hazikuwa zangu tangu mwanzo. Akanipa pampu ya mkono, viraka, gundi, tyubu mbili, plagi moja ndani ya kitambaa, na spana nne tu, maana alihakikisha kila nati ya pikipiki ile inafunguka kwa mojawapo ya hizo nne. Zile zisizofunguka alizibadilisha.

Kisha siku moja akaniambia nimletee soksi yangu ya nailoni, ile ndefu ya kanisani.

Nilimweleza mume wangu jioni hiyo nikiwa natafuta kwenye sanduku la nguo. Nilisema bila kufikiri, kama mtu anayetafuta kijiko. Randa ikanyamaza. Aliniuliza fundi wa Kawangware anaitakia nini soksi ya mke wa mtu. Nikasema sikuuliza. Jumamosi yake alivaa koti lake la Jumapili, akafunga na vifungo vyote, akasema leo tutakwenda pamoja.

Nilitembea njia nzima nikitunga maneno ya kuwasuluhisha. Hayakuhitajika. Fundi alimsalimia, akampa mtungi wa plastiki wa kukalia, kisha akafungua kifuniko cha pembeni cha pikipiki na kumwonyesha sponji ya kuchuja hewa. Akaeleza kwamba vumbi la kule ni laini kama unga wa muhogo, likipenya hapa injini inajila yenyewe. Soksi ikivutwa juu ya sponji hulizuia, na jioni mtu huivua, huikung'uta, huirudisha. Mume wangu aliinama akatazama kwa muda mrefu. Akauliza kama kitambaa cha kawaida hakifai. Fundi akasema nailoni inapumua. Mume wangu akaivuta kwa vidole, akaipuliza, akakubali kwamba inapumua, akafungua kifungo kimoja cha koti.

Saa mbili baadaye koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari na wawili hao walikuwa wamelala kifudifudi chini ya pikipiki yangu, wakizungumza juu ya mbao na vyuma kama ndugu waliopoteana. Hawakuniuliza lolote. Nilipotoa maoni, fundi alisema "ndiyo, nyar Kitui", mume wangu akasema "sawa, mama watoto", na wote wawili wakaendelea.

Walichokitengeneza, kwa Jumamosi tatu, ni vijisanduku viwili vya mbao nyembamba vilivyokaa ndani ya fremu ya chuma, kimoja kila upande, chini kabisa karibu na gurudumu. Ndani walivitandika sponji ya godoro. Kwa hiyo lile godoro lilisafiri hatimaye, ingawa vipande vipande. Upande mmoja ungekaa mtungi wa maji na zana, upande wa pili petroli ya akiba na nguo zangu. Kasha la barafu lenye chanjo lingekaa nyuma yangu, katikati, limeugusa mgongo. Walipima uzito wa pande zote kwa kushika mkononi, wakahamisha kopo la gundi kutoka kulia kwenda kushoto, wakalirudisha kulia, wakabishana juu ya lile kopo mpaka nikaenda kunawa.

Pipa la maji lilikuwa nyuma ya ukuta wa mabati. Nadhani walifikiri nimeenda mbali.

"Mzee," mume wangu alisema, "hii kitu itamrudisha?"

Nilisikia spana ya fundi ikiwekwa chini.

"Hii ni chuma. Haina akili ya kurudisha mtu," alisema. "Lakini huyu bibi yako nimemwona akianguka mpaka nikachoka kuangalia. Sijaona hata siku moja akibaki chini."

Mume wangu akaomba bisibisi. Mimi nilinawa mikono tena, ingawa ilikuwa safi, kwa sababu sikutaka kutokea hapo nikiwa na uso niliokuwa nao.

Mwezi uliofuata pikipiki ilipanda lori la mizigo mpaka Mwingi, mimi nikakaa mbele na dereva nikiwa nimepakata kasha la chanjo. Kutoka Mwingi nikashika njia peke yangu. Saa ya kwanza niliimba. Saa ya pili barabara ikaacha kuwa barabara, ikawa tu mahali ambapo miti haikuota, nami nikaacha kuimba ili nisimame vizuri juu ya vikanyagio. Magoti yangu yalikuwa springi kweli. Saa ya tatu nikafika kwenye mto mkavu, mpana, mchanga mweupe mpaka ng'ambo. Nilipunguza upepo wa tairi kama nilivyofundishwa, nikatazama mti mmoja wa upande wa pili, nikaingia. Nilifika katikati. Hapo nikakumbuka kutazama chini kidogo tu, nione ninaendeleaje.

Niliiinua mara ya kwanza nilipojaribu. Hakukuwepo na mtu wa kuniona, jambo ambalo bado linanisikitisha. Lakini gurudumu la nyuma lilikuwa limejichimbia mpaka kwenye cheni, na kila nilipoongeza moto lilizidi kushuka. Jua likanitazama, kama nilivyoahidiwa. Nilifungua kijisanduku cha nguo nitafute kitambaa cha kujifunika kichwa, na chini ya nguo, limeviringishwa kwenye fulana yake kuukuu, nikalikuta shoka.

Nilikaa mchangani nikacheka peke yangu. Kisha nikaenda ukingoni, nikakata matawi ya kutosha, nikayatandika mbele ya gurudumu, na yule punda wa kijani akatoka akipiga chafya. Lilikuwa kali sana lile shoka.

Miba ilinipata mbele kidogo. Nilitengeneza tyubu chini ya mgunga huku wazee watatu waliokuwa wakichunga mbuzi wakinishauri. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kuona tumbo la tairi, lakini ushauri wao ulikuwa mwingi na hawakukubaliana. Mmoja alisema nitoe tyubu yote nijaze majani. Nilipomaliza kupiga pampu walinisifu, na yule wa majani alisema kwamba hata njia yangu inafaa.

Kijiji cha kwanza kilinikimbia. Walisikia mngurumo, wakaona kofia ngumu na buti za askari, wakadhani ni askari wa wanyamapori amekuja kuuliza mambo ya nyama ya porini. Nilizima injini katikati ya boma tupu, sufuria zikitoa moshi. Aliyebaki ni bibi mmoja kizee, kwa sababu miguu yake haikuwa ya kukimbia tena. Nikavua kofia. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kwa Kikamba mimi ni mtoto wa ukoo gani. Nikamwambia. Akageukia vichaka na kuwapigia wenzake kelele warudi. Ni mwanamke tu, akasema, tena mfupi.

Walirudi kidogo kidogo. Kufika saa kumi nilikuwa nimewachanja watoto wote wa pale na wengine walioletwa kutoka vilima vya mbali, na barafu ndani ya kasha ilikuwa bado inagongana. Mama mmoja alimshika mtoto wake kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili alikuwa akilipapasa lile sanduku la pembeni. Aliniuliza nani aliyeunganisha mbao hizi bila msumari. Nikamwambia. Shoka nililiacha kwa wanawake wa kijiji hicho, kwa sababu lao lilikuwa limebaki kipande.

Niliporudi, baada ya wiki mbili, lori lilinishusha na pikipiki yangu Kawangware. Mume wangu alikuwepo bandani kwa fundi, amekaa kwenye mtungi kama mtu wa hapo. Walisimama wote wawili. Fundi akaenda moja kwa moja kwenye injini, akaivua ile soksi, iliyokuwa sasa na rangi ya udongo wa Tana, akaiinua juu kumwonyesha mwenzake. Mume wangu alinitazama mimi, uso, mikono, magoti, kisha akafungua kijisanduku cha nguo na kuingiza mkono mpaka chini. Nikawaeleza habari za mto. Fundi akasema kwamba yeye hakuwahi kulikataa shoka kama shoka, alilikataa kwa sababu ya uzito, na mume wangu akasema hilo tunalielewa.

Kwa kawaida pikipiki ilikuwa inalala bandani kwa fundi. Lakini siku hiyo mume wangu alisema, akitazama pembeni, kwamba nimechoka na hakuna haja ya kutembea mpaka Kibera. Angeweza kupanda nyuma yangu mpaka nyumbani, halafu kesho niirudishe. Tukaondoka. Hakunishika mimi, alishika karia, mikono miwili nyuma, kifua mbele, kama mtu anayepigwa picha. Watu wa Kawangware walisimama. Kwenye mteremko aliniomba nipunguze. Nikamwambia tumeshasimama, taa ni nyekundu.

Ndani ya Soweto East tulipita kwa mwendo wa kifaranga, na kila mlango ulikuwa na mtu: wateja wake, wateja wangu, watoto niliowachanja wakiwa wachanga. Mwanamume kubebwa na mkewe mchana kweupe lilikuwa jambo la kuzungumzwa wiki nzima, naye alilijua hilo, na bado aliwapungia mkono, mmoja tu, wa pili ukiwa bado umeng'ang'ania chuma. Nilimshusha mbele ya karakana. Alishika nguzo ya mlango na kukaa nayo kidogo.

Asubuhi nikipita kwenda kazini nilimsikia akimweleza mteja aliyekuja kuchukua kabati. Alikuwa anasema kwamba watu hawajui, lakini kazi kubwa kwenye pikipiki ni ya yule wa nyuma. Ni yeye anayeshika mizani. Bila yeye kuinama vizuri pale kwenye kona, alisema, mama watoto angewaangusha wote wawili.